Mifumo ya kompyuta itoke kiwandani ikiwa imefungwa, au kila mnunuzi ajifungie mwenyewe?

Msimamizi_Moro ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba mawazo yenu kuhusu jambo ambalo mimi na mwenzangu tumeshindwa kuafikiana.

Tumepewa kazi na chama kimoja cha akiba na mikopo: kompyuta tisa za ofisini, ruta, kamera za ulinzi pamoja na mashine yake ya kurekodia, na seva ndogo itakayobeba kanzidata ya wanachama. Vifaa vimeshafika, na tofauti kati yake ndiyo iliyozua ubishi. Kompyuta zimekuja na karibu kila kitu kikiwa kimefungwa: kinga-mtandao (firewall) imewashwa, diski husimbwa yenyewe, yaani data yake haisomeki bila ufunguo, mara mtu anapoingia kwa akaunti yake, na masasisho hujipakua bila kuuliza. Mashine ya kurekodia kamera imekuja kinyume kabisa. Karatasi yake ya maelekezo inasema waziwazi kwamba jina la mtumiaji ni "admin" na nenosiri ni "123456", na mwishoni, kwa herufi ndogo kuliko zote zilizomo humo, mnunuzi anashauriwa abadilishe nenosiri hilo "ikiwa atapenda".

Mwenzangu anashikilia kwamba mtindo huu wa pili ndio wa haki. Kwa maoni yake, mtengenezaji aliye mbali hajui kifaa chake kitatumika wapi wala na nani, kwa hiyo hana mamlaka ya kumwamulia mteja; atoe kifaa kikiwa wazi, chenye kufanya kazi mara kinapochomekwa, na kila ofisi ijifungie kwa kadiri ya mahitaji yake. Mimi naona kwamba ofisi nyingi hazitajifungia kamwe, si kwa uzembe, bali kwa sababu hamna mtu ndani yake anayejua kwamba kuna kitu cha kufunga. Anayefungua ukurasa wa mipangilio ni mimi au yeye, na sisi tukishaondoka ukurasa ule haufunguliwi tena mpaka litokee tatizo.

Je, watengenezaji wawajibike kutoa mifumo ambayo mipangilio yake ya awali imekaza usalama? Na kama jibu ni ndiyo, mpaka wake uko wapi? Nauliza hivyo kwa sababu nakubali kwamba kuna kukaza kunakozuia kazi.

Mlinzi_wa_Seva amejibu:

Ndugu Msimamizi, ubishi wenu una umri mkubwa kuliko vifaa vyote ulivyovitaja. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika makala kuhusu ulinzi wa taarifa ndani ya mifumo ya kompyuta, na miongoni mwa kanuni walizoziweka ni kwamba mfumo uanze kwa kukataa, kisha ruhusa itolewe pale penye sababu. Hoja yao ilikuwa ya kifundi kuliko ya kimaadili, nami bado sijaona iliyo bora kuliko hiyo. Katika mfumo unaoanza kwa kukataa, kosa likifanyika, anayestahili kuingia atazuiwa, atalalamika siku hiyo hiyo, na kosa litarekebishwa. Katika mfumo unaoanza kwa kuruhusu, kosa likifanyika, asiyestahili ataingia, wala hatakupigia simu kukuarifu kwamba amekuta pako wazi.

Mwenzako anasema mtengenezaji hajui mazingira ya mteja. Hilo ni kweli, lakini halimpeleki anakotaka kufika, kwa kuwa kukiacha kifaa wazi nako ni kumwamulia mteja. Hakuna kifaa kinachotoka kiwandani bila uamuzi. Kuna uamuzi uliofikiriwa na uamuzi ulioachwa ujitokeze wenyewe.

Tuna kumbukumbu za kutosha za yaliyotokea uamuzi ulipoachwa ujitokeze. Windows 2000 ya upande wa seva ilikuwa ikiweka programu ya kuhudumia tovuti, IIS, hata kwa mtu ambaye hakuwa na tovuti yoyote. Mwezi Julai 2001 kirusi cha Code Red kilipita kwenye kasoro ya programu hiyo na kuzikamata takriban kompyuta 359,000 kwa muda usiofika saa 14. Kiraka, yaani sasisho la kuziba kasoro hiyo, kilikuwa kimeshatolewa mwezi uliotangulia, lakini watu wengi waliokamatwa hawakuwa wakijua kwamba wanaendesha IIS. Nani atatafuta kiraka cha kitu asichojua kwamba anacho? Toleo lililofuata, Windows Server 2003, lilitoka bila IIS kuwekwa mpaka mwenyewe aiombe.

Mfano wa Windows XP ni mkali zaidi. Mfumo ule ulitoka mwaka 2001 ukiwa tayari na kinga-mtandao ndani yake, isipokuwa ilikuwa imezimwa. Mwezi Agosti 2003 kilikuja kirusi cha Blaster, na wanaokumbuka enzi zile watakumbuka kile kisanduku cha kijivu kilichojitokeza katikati ya kioo kikihesabu sekunde 60 kuelekea kuzimika kwa kompyuta, na mafundi wakikimbilia kuandika "shutdown -a" ili wapate japo muda wa kupakua kiraka. Ubaya wake ulikuwa kwamba ukishapiga Windows upya na kuchomeka waya wa mtandao ili upakue hicho kiraka, kirusi kingeweza kuingia kabla kiraka hakijamaliza kushuka. Dawa ilikuwa imelala ndani ya mashine yenyewe, katika mpangilio uliohitaji mibofyo michache tu kuwashwa. Microsoft waliiwasha kwa wote walipotoa kifurushi cha masasisho cha Service Pack 2 mwezi Agosti 2004. Kinga hiyo iliboreshwa pia, lakini kilichobadilika kwa mtumiaji wa kawaida ni kwamba sasa alikuwa nayo bila kuitafuta.

Nije kwenye kamera zako, maana hapo sina upole. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilizunguka mtandaoni ikigonga vifaa vya aina hiyo hiyo, ruta, kamera na mashine za kurekodia, na kujaribu orodha ya jozi zipatazo 60 za majina na maneno ya siri ya kiwandani. Haikuhitaji ujanja zaidi ya huo. Jeshi la vifaa lililopatikana ndilo lililotumika tarehe 21 Oktoba 2016 kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikizielekeza kompyuta kwenye anwani za tovuti, na kwa saa kadhaa tovuti kubwa kama Twitter na Netflix hazikupatikana kwa watu wengi nchini Marekani. Asidhani mtu kwamba hayo ni mambo ya Marekani peke yake: katika kipindi hicho hicho kampuni ya simu ya Lonestar nchini Liberia ilishambuliwa kwa jeshi la namna hiyo, na Januari 2019 mahakama ya Uingereza ilimhukumu kifungo cha miaka miwili na miezi minane mtu aliyefanya shambulio hilo kwa malipo. Katika baadhi ya vifaa vilivyokamatwa na Mirai, nenosiri lilikuwa limechongwa ndani ya programu ya kifaa, kiasi kwamba hata mmiliki mwangalifu aliyebadilisha nenosiri kwenye ukurasa wa mipangilio hakuwa amebadilisha lile lililokuwa likitumika kuingia kwa mbali.

Kwa hiyo maneno "ikiwa atapenda" kwenye karatasi ile ni kosa la mtengenezaji. Anayeumia kamera ya chama chenu ikikamatwa huenda asiwe mwanachama hata mmoja; anaweza kuwa mtu wa nchi nyingine asiyejua kwamba mpo. Hiari ya mteja ina nguvu pale ambapo hasara ni yake peke yake.

Fundi_wa_Mwanza amejibu:

Nimesoma kwa makini, na sina ugomvi na historia. Ugomvi wangu ni na mahali anaposimama mtu anayeamua nini kiwe "salama".

Chukueni suala la masasisho yanayojipakua yenyewe. Aliyeweka mpangilio huo alimfikiria mtu mwenye intaneti isiyopimwa. Mteja wangu wa kawaida anawasha intaneti ya simu na kuishirikisha kwenye laptop kwa bando alilonunua asubuhi, na Windows, isipoambiwa vinginevyo, huiona Wi-Fi hiyo kama Wi-Fi nyingine yoyote. Bando linaisha kabla hajatuma barua pepe moja. Anachofanya ni kuja kwangu niizime kabisa huduma ya masasisho, na mafundi wengi huizima bila hata kuombwa, kwa sababu wanajua mteja atarudi na lawama. Matokeo ya mpangilio uliokusudiwa kumfanya kila mtu awe na viraka ni kwamba mteja huyu hatapata kiraka chochote mpaka kompyuta ife.

Au chukueni usimbaji wa diski. Kwenye kompyuta nyingi mpya za Windows 11, mtu akiingia kwa mara ya kwanza kwa akaunti ya Microsoft, diski husimbwa na ufunguo wa kuifungulia huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Kwa maandishi ni jambo zuri. Sasa tazameni jinsi laptop inavyouzwa kwetu: muuzaji anaiwasha dukani ili mteja aone kwamba inafanya kazi, mteja hana akaunti au hakumbuki nenosiri lake, muuzaji anaingia kwa akaunti yake au anafungua mpya papo hapo kwa barua pepe isiyoandikwa popote, na mteja, tuseme ni mwalimu, anaondoka na laptop yake akiwa ameridhika. Mwaka mmoja baadaye ubao mama unabadilishwa, au mipangilio ya BIOS, programu ya kuiwashia kompyuta, inaguswa, na kioo cha buluu kinadai tarakimu 48. Nani anazo? Kazi za mwanafunzi, mitihani, picha za marehemu baba, vyote vimo mle ndani na vimelindwa barabara, hata dhidi ya mwenyewe.

Msiniambie kwamba hilo ni kosa la muuzaji. Ni kosa lake, lakini mpangilio wa awali ambao usalama wake unategemea kila muuzaji kufuata utaratibu haujampita kwa mbali ule mpangilio wazi unaotegemea kila mteja kubadilisha nenosiri.

Kuna na uchovu pia. Windows Vista ilipofika mwaka 2007 ilikuwa ikiuliza idhini kwa kila jambo, mpaka watu wakawa wanabofya "ndiyo" kabla ya kusoma au wanazima kabisa maswali hayo, na Windows 7 ikalazimika kuyapunguza. Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba mipangilio mikali iwepo, lakini isiwashwe mpaka mtu aelezwe kwa lugha anayoielewa kitu gani kinawashwa na kinaweza kumpotezea nini.

Mhasibu_Unguja amejibu:

Kaka zangu, mimi si mtaalamu, ni mtumiaji wa hizo kompyuta mnazozifunga na kuzifungua, na naomba niseme neno moja.

Kila mwisho wa mwezi tunaletewa kwa barua pepe faili la Excel la kujumlishia hesabu, lenye vitufe vinavyofanya kazi kwa makro, yaani programu ndogo zilizomo ndani ya faili. Tangu mwaka 2022 faili hilo likifunguliwa hutokea mstari mwekundu juu unaosema kwamba makro zimezuiwa, wala hakuna kitufe cha kuruhusu kama cha zamani. Kijana wetu wa kompyuta alikuja akaingia ndani ya mipangilio akaruhusu makro zote, za faili lolote litokalo popote, na tangu hapo hatuna tatizo. Ninaposoma maelezo yenu nashikwa na wasiwasi, kwa sababu tulihitaji faili moja tu lifanye kazi.

Nimfahamishe pia ndugu Fundi kwamba hata nikielezwa kwa Kiswahili kilichonyooka, sitaki kuulizwa kila jambo. Nina hesabu za kufunga. Nataka aliyetengeneza awe ameshafikiri kwa niaba yangu, na mimi niulizwe pale tu ninapokuwa na jibu.

Msanidi_NBO amejibu:

Dada Mhasibu amelifikisha suala mahali pake kuliko sisi sote, kwa hiyo nianzie kwake. Zuio lile la makro halikukusudiwa kufunguliwa jumla jumla. Lihifadhi faili kwenye tarakilishi, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, ingia Properties, na chini kabisa utaona kisanduku cha Unblock. Kitie alama, bonyeza OK, na faili hilo peke yake litafanya kazi. Mwombe kijana wenu airudishe mipangilio mingine jinsi ilivyokuwa. Naungama kwamba njia hiyo imefichwa mno, na hapo ndipo ninapowalaumu Microsoft: walifunga vizuri, lakini njia nyembamba ya kufungulia wakaiweka mahali pasipoonekana, na mtu asiyeiona hutafuta ile pana.

Huo ndio mpaka ambao ndugu Msimamizi aliuuliza. Mpangilio mkali hudumu ikiwa njia ya kufungua kile kidogo kinachohitajika ni rahisi kuliko njia ya kuzima kila kitu. Watu wa Fedora, mmoja wa mifumo ya Linux, walijifunza hilo mwaka 2004. Walitaka kuwasha SELinux, ulinzi unaoibana kila programu ndani ya mipaka yake, kwa sera iliyokusudia kubana mfumo mzima. Wakati wa majaribio mambo mengi ya kawaida yalikwama, na Fedora Core 2 ikatoka nayo ikiwa imezimwa. Hawakuiacha. Mwezi Novemba mwaka huo huo Fedora Core 3 ilitoka na sera nyepesi iliyolenga huduma zinazosikiliza mtandao na kumwacha mtumiaji na kazi zake, na hiyo iliwashwa kwa wote. Waliupunguza upana wa ulinzi ili uweze kukaa ukiwa umewashwa.

Ndugu Fundi, hoja yako kwamba mipangilio hufikiriwa kwa ajili ya watu wa mbali naikubali, lakini dawa uliyoipendekeza siikubali. Angalia masasisho: tarehe 14 Machi 2017 Microsoft walitoa kiraka cha kasoro katika huduma ya zamani ya kushirikisha faili, SMB toleo la kwanza, na tarehe 12 Mei kirusi cha WannaCry kilipita kwenye kasoro hiyo hiyo katika nchi zipatazo 150 na kuzikwamisha hata hospitali za Uingereza. Kati ya kuzima masasisho na kuliacha bando liteketee kuna mpangilio wa katikati: ingia kwenye sifa za ile Wi-Fi ya simu na uitie alama kuwa ni mtandao unaopimwa, na Windows itasubiri kupakua masasisho mengi mpaka ikutane na mtandao mwingine. Kwa tarakilishi tisa za chama, Windows 10 na 11 zina uwezo wa kugawana masasisho ndani ya mtandao wa ofisi, moja ikapakua na nyingine zikachukua vipande kwake. Lawama ya haki kwa mtengenezaji ni kwamba mfumo ungeweza kumuuliza mtumiaji mara moja, anapounganisha Wi-Fi mpya, kama mtandao huo unalipiwa kwa kipimo. Hilo ni swali ambalo dada Mhasibu ana jibu lake.

Inawezekana pia kuukaza usalama kwa kumfikiria mtu wa kifaa hafifu. Mwaka 2015 Android 6 ilidai simu mpya zisimbwe tangu kiwandani, lakini simu za bei nafuu zilisamehewa, kwa kuwa vichakataji vyake vilikuwa vizito mno kwa hesabu za AES, njia ya kawaida ya kusimba. Yaani mwenye simu ya bei ya chini ndiye aliyebaki wazi. Mwaka 2019 Google walitangaza njia nyingine ya kusimba, Adiantum, iliyobuniwa kwa ajili ya vichakataji hivyo, na kuanzia Android 10 msamaha ukaondolewa. Wangeweza kulichukulia suala la usimbaji kuwa la hiari na kuliacha liendelee hivyo kwa miaka, na soko lisingelalamika.

Sasa seva. Ndugu Msimamizi hukututajia kanzidata mnayotumia, na mimi ndipo ningechungulia kwanza. Mwezi Januari 2017 maelfu kwa maelfu ya kanzidata za programu ya MongoDB zilizokuwa wazi mtandaoni zilifutwa na kuachiwa ujumbe wa kudai fidia, kwa sababu matoleo ya zamani yaliweza kusikiliza maombi kutoka mtandao wowote bila kudai nenosiri. Kuanzia toleo la 3.6, mwishoni mwa mwaka huo, husikiliza mashine yake yenyewe tu mpaka uielekeze vinginevyo, ingawa udhibiti wa ruhusa hata sasa ni kazi ya msimamizi kuuwasha. Elasticsearch, programu nyingine ya kuhifadhi na kutafuta data, ilichelewa zaidi. Ni toleo la 8, Februari 2022, lililoanza kujiundia nenosiri lenyewe linapowashwa mara ya kwanza. Na ikiwa mtaiendesha kanzidata ndani ya Docker, programu inayoendesha programu nyingine zikiwa zimetengwa, angalieni sana mstari mmoja: mkiandika 5432:5432, yaani namba ya mlango wa mtandao wa kanzidata, Docker huufungua mlango huo kwa anwani zote za mashine, na kanuni zake hupita kando ya ufw, kinga-mtandao ya Linux, kwa hiyo ufw itawaambia kwamba mlango umefungwa ilhali uko wazi. Andikeni 127.0.0.1:5432:5432, ili mlango ufunguke kwa mashine yenyewe tu. Ninaona huo kuwa mpangilio wa awali mbaya kupita yote ninayokutana nayo kazini, kwa sababu unamhadaa hata mtu aliyejilinda.

Kuhusu wajibu wa kisheria, California inakataza tangu tarehe 1 Januari 2020, na Uingereza tangu tarehe 29 Aprili 2024, kuuza kifaa cha mtandao chenye nenosiri moja kwa wote. Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni inayodai bidhaa zitoke na mipangilio salama, na sehemu yake kubwa itaanza Desemba 2027. Raspberry Pi, watengenezaji wa kompyuta ndogo, hawakusubiri: mtumiaji "pi" mwenye nenosiri "raspberry" aliondolewa Aprili 2022. Huku kwetu Kenya, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kinadai ulinzi uwemo tangu usanifu na katika mipangilio ya awali, na Tanzania mna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ila angalieni mzigo unapotua. Sheria hizi mbili humshika anayetunza taarifa, yaani hicho chama cha akiba, hazimshiki aliyechapisha "123456" kwenye karatasi.

Fundi_wa_Mwanza amejibu:

Nashukuru kwa maelezo ya mtandao unaopimwa. Nitaanza kuyatumia badala ya kuzima huduma nzima, na nakiri kwamba dada Mhasibu ameipunguza nguvu hoja yangu ya kumwelezea mtu kila kitu.

Kwenye usimbaji wa diski, hata hivyo, sijasogea. Nenosiri la kiwandani likiwa tofauti kwa kila kifaa, na likiwa limebandikwa chini yake kama kwenye ruta nyingi za siku hizi, aliyelisahau anaweza kukigeuza kifaa akalisoma, au akakirudisha katika hali ya kiwandani. Diski iliyosimbwa haina njia ya kurudi. Ulinzi ambao kosa lake halirekebishiki haustahili kuwekwa kundi moja na ule ambao kosa lake hurekebishwa kwa kubonyeza kitufe, na kanuni ile ya mwaka 1975 aliyoitaja ndugu Mlinzi inamtetea yule anayelalamika akasikilizwa. Huyu wangu analalamika na hakuna anayeweza kumsaidia.

Msimamizi_Moro amejibu:

Nimemwonyesha mwenzangu mjadala huu wote. Hajaiacha kanuni yake, lakini kwa kazi hii tumekubaliana.

Mashine ya kurekodia kamera itapewa nenosiri lake, na haitafunguliwa kuelekea intaneti hata kidogo. Katibu akitaka kutazama kamera, atatazama akiwa ofisini. Mwenzangu alipinga kidogo kwa kuwa mteja aliomba kuziona kwa simu, nasi tutamweleza kwamba hilo litawezekana baadaye kwa njia ya VPN, yaani njia iliyosimbwa ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali, akitenga fedha. Kanzidata yetu ni PostgreSQL ndani ya Docker, na ndugu Msanidi, mstari ule ulikuwa umeandikwa hivyo hivyo ulivyousema kwenye faili la mfano tulilolipakua. Umesahihishwa.

Usimbaji wa diski tutauacha ukiwa umewashwa, kwa sababu kompyuta za chama hubeba nakala za vitambulisho na mikataba ya mikopo, na laptop mbili kati yake hutoka nje ya ofisi. Lakini hoja ya ndugu Fundi imebadilisha utaratibu wetu: hakuna kompyuta itakayoanzishwa kwa akaunti ya fundi wala ya mfanyakazi, zote zitaanzishwa kwa akaunti ya chama, na funguo zote tisa zitachapishwa na kuwekwa ndani ya bahasha itakayofungwa na kutiwa saini na mwenyekiti na mweka hazina. Makabidhiano hayatasainiwa mpaka tumejaribu kuifungua kompyuta moja kwa ufunguo ulio kwenye karatasi.

Mlinzi_wa_Seva amejibu:

Mawili ya kuongeza kuhusu bahasha. Kile kioo cha buluu huonyesha kitambulisho cha ufunguo kinachohitajika, kwa hiyo kando ya kila ufunguo andikeni kitambulisho chake pamoja na namba ya kompyuta husika. Bila hivyo mtu atajikuta akiandika tarakimu 48 za kompyuta ya jirani. Pili, bahasha isikae kwenye kabati la chumba kile kile zilimo kompyuta, kwa sababu mwizi huondoka na vyote viwili. Vyama vingi huweka nyaraka zake muhimu benki, na karatasi moja zaidi haitaongeza gharama.